Ukuta wa Chokaa

Katika karakana yetu ya useremala hakuna aliyekalia kigoda. Kila fundi alikalia sanduku lake la zana. Akiinuka, alifunga kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni kama hirizi, hata kama alikuwa anakwenda tu kunywa maji mtungini, hatua kumi kutoka pale.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, dhahabu ya Geita ilipoanza kuita watu. Mimi nilitoka Shinyanga mjini. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara na biashara, akaoa, akabaki. Useremala nilifundishwa na mjomba wangu, tukitengeneza vitanda vya kamba na milango ya maduka. Niliposikia kwamba mgodini wanatafutwa mafundi, nilichukua sanduku langu, nikaenda sehemu ya njia kwa lori na nyingine kwa miguu, mpaka nikafika.

Karakana ilikuwa banda la udongo lililoezekwa mabati, kando ya mtambo wa kuponda mawe. Mtambo ule ulidunda kutwa nzima, na juu ya mdundo wake sisi tulipiga kelele zetu. Jioni kila mtu alipekuliwa getini: mfukoni, nyweleni, mdomoni. Mtu akizoea kupekuliwa kila siku, huanza kuwaona wenzake kama watu wanaostahili kupekuliwa. Ndivyo tulivyokuwa.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja wa Tabora, mwenye ndevu nyeupe na kofia iliyofifia, aliyefika pale kabla yangu. Huyo hakupitisha siku bila kuuliza kwa sauti ya juu, "Nani amechukua randa yangu?" Au patasi yake, au tupa yake. Wa pili alikuwa Msukuma wa Kishapu, mtu mpana wa mabega, aliyekuwa akinoa patasi zake mpaka zikanyoa vinyweleo vya mkono. Zilikuwa nzuri kuliko zetu zote, na hakumwazima mtu. Wa tatu nilikuwa mimi, na sikuwa bora kuliko wao. Niliwahi kuuweka uzi mwembamba kwenye kifuniko cha sanduku langu, nijue kama kuna aliyelifungua.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ngazi za kushukia shimoni. Ngazi ni mbao mbili ndefu na vidato katikati. Ncha za kila kidato huingia katika matundu yaliyochongwa kwenye mbao, na tundu lazima lilingane na ncha yake. Likiwa dogo, halipokei. Likiwa kubwa, kidato hucheza.

Siku moja mzee alikuwa ameranda mbao, fundi wa Kishapu ametengeneza vidato, na mimi nikapewa matundu. Patasi yangu ya nusu inchi ilikuwa imevunjika mpini. Nikamwendea fundi wa Kishapu.

"Ndugu, niazime patasi yako ya nusu inchi."

"Ya kwako iko wapi?"

"Imevunjika mpini."

"Basi tia mpini."

Hakuniangalia. Nilirudi mahali pangu na hasira, nikachukua patasi pana kuliko ilivyotakiwa, nikachonga nayo. Matundu mengine yakawa makubwa. Nilijua yamekuwa makubwa. Nikatia kabari nyembamba kando ya ncha, nikajaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, nikapiga msasa mpaka jicho likadanganyika. Ngazi ikapelekwa shimoni.

Haikupita wiki, mchimbaji mmoja wa Kizinza alikuwa akipanda kwa ngazi ile, kidato kikageuka chini ya mguu wake. Alianguka na kuvunjika mguu juu ya goti. Meneja, Mzungu mrefu asiyekuja karakanani ila kwa jambo zito, alisimama mlangoni na vipande vya ile ngazi akauliza ni kazi ya nani. Mzee akasema yeye aliranda tu, na hata randa yenyewe ilikuwa imeibwa asubuhi. Fundi wa Kishapu akasema yeye alitengeneza vidato, na vidato havikuvunjika. Mimi nilisema matundu yalikuwa sawasawa.

Meneja alituangalia mmoja mmoja, akaviegemeza vile vipande kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango, akaondoka. Kule kijijini, nje ya uzio, nilisikia watu wakisema yule mchimbaji amerogwa. Sikuuliza amerogwa na nani. Nilishusha pumzi tu.

Baada ya hapo akaletwa kiongozi mpya wa karakana. Alikuwa Msumbwa, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea ili umsikie. Tuliambiwa alikuwa akitengeneza mabenchi ya misheni huko kwao. Sisi tulimwita Bwana Fundi mbele yake, na Msumbwa nyuma yake.

Siku tatu za mwanzo hakufanya kitu. Alikaa juu ya gogo karibu na mlango akitutazama. Mara moja moja aliuliza jambo dogo tu. "Hiyo patasi ukimaliza unaiweka wapi?" "Hapo ulipo, upepo unakufikia?" Siku ya pili aliviinua vile vipande vya ngazi, akavigeuzageuza kwenye mwanga, akatia ukucha kwenye tundu moja. Mikono yangu ilikuwa kwenye msumeno, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule ukucha. Alivirudisha ukutani, akapangusa vidole, akakaa.

"Huyu ameletwa kutuchunguza," mzee alituambia tulipokuwa tukila.

Fundi wa Kishapu akasema, "Hata kipofu anaona hilo."

Mimi niliendelea kumega ugali. Nilijua kwamba kama ni uchunguzi, basi mwenye kutafutwa ni mimi.

Siku ya nne aliomba chokaa stoo, akaupaka ukuta mzima wa ndani mpaka banda likang'aa kama limefunguliwa dirisha. Chokaa ilipokauka alilifungua sanduku lake, akatoa zana zote, moja baada ya nyingine. Aliiweka kila zana ukutani, akaizungushia mstari kwa kipande cha kaa, akapiga msumari, akaitundika juu ya mchoro wake. Randa tatu. Misumeno miwili. Patasi kuanzia pana hadi ndogo kabisa. Nyundo, tupa, keekee. Alipomaliza, sanduku lilikuwa tupu. Akaligeuza, akalisukuma pembeni.

Kisha akasema maneno marefu kuliko yote tuliyowahi kuyasikia kwake.

"Zana hizi ni zangu, lakini zikiwa ukutani ni za karakana. Anayehitaji achukue, hana haja ya kuomba. Akimaliza airudishe kwenye kivuli chake."

Tuliitikia "Ndiyo, Bwana Fundi," na hakuna aliyesogea.

Mchana ule mzee alitusogelea nyuma ya banda. "Mtu akija kukupima kwa kamba, jua kuna sanda inakatwa," alisema. "Huyu amechora vivuli. Kivuli cha kitu unakichora cha nini, kama huna neno nacho?"

"Ni mtego wa panya," alisema fundi wa Kishapu. "Ametundika nyama aone nani ataonja."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu mwenyewe, ambao sikumwambia mtu. Niliamini kwamba anasubiri nani atainyooshea mkono patasi ya nusu inchi, ili aulinganishe uchongaji wake na yale matundu. Kwa hiyo wiki nzima ukuta ulikaa na zana zake zote, kila moja juu ya kivuli chake, na sisi tuliendelea kukalia masanduku.

Aliendelea kubadilisha mambo kidogo kidogo. Kazi ya kunoa misumeno, yenye mlio wa kutoboa meno, aliitoa nje chini ya baraza, ikawa inafanywa asubuhi kwa mara moja. Chungu cha gundi alikihamishia upande ambao upepo ulipeleka moshi mbali nasi. Meza ya fundi wa Kishapu aliigeuza ili asitazamane tena na mzee. Na akakataza watu kuitana kwa kelele kutoka pembe hadi pembe. "Ukitaka kusema na mtu, mfuate," alisema.

Mtambo wa mawe uliendelea kudunda, lakini ndani ya banda kelele zilipungua. Kwa mara ya kwanza nilisikia randa yangu mwenyewe ikipita juu ya ubao, na maranda yakianguka sakafuni. Utulivu ule haukunifurahisha. Penye kelele mtu anaweza kujificha. Sasa nikikohoa, nilihisi nimetoa ushahidi.

Mimi na fundi wa Kishapu tukaanza kusemezana Kisukuma ili asituelewe. Asubuhi moja mwenzangu aliingia, akaniambia "Mwangaluka," nami nikaitikia. Kisha akasema kwa Kisukuma kwamba huyu mwembamba amekaa kama korongo anayemsubiri chura. Yule Msumbwa, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ubao wake, akajibu kwa Kisukuma safi kabisa kwamba korongo hana haraka, chura mwenyewe ndiye atakayeruka.

Fundi wa Kishapu alisimama pale na kofia mkononi. Tulikumbuka yote tuliyoyasema siku zile zilizopita. Siku hiyo hatukusema neno lingine, kwa lugha yoyote.

Nilikuwa wa kwanza kugusa ukuta, na haikuwa kwa ushujaa. Msumeno wangu ulikutana na msumari uliofichwa ndani ya ubao, ukang'oka meno matatu. Kulikuwa na ngazi ya kumaliza siku ileile. Nilimtazama fundi wa Kishapu, nikajua atakavyonijibu. Nikaenda ukutani, nikauchukua msumeno mdogo wa Msumbwa. Mgongo wangu ulikuwa umekauka kama mtu anayesubiri kupigwa. Msumeno ule ulikata ubao mgumu wa mninga kana kwamba ni muhogo. Nilipomaliza niliupangusa kwa shati, nikaurudisha kwenye kivuli chake. Yeye alikuwa akipima ubao. Hakugeuka.

Kesho yake nikachukua patasi ya nusu inchi. Nilisema moyoni, kama ni kunaswa, basi na ninaswe. Nilichonga matundu kumi na manne, na kila kidato kiliingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti, kikakaa. Fundi wa Kishapu alikuja kuvitikisa.

"Umechonga na ile?"

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Alifikiri. Baada ya siku mbili alifungua sanduku lake, akachukua nusu ya zana zake, akazitundika, akachora vivuli vyake mwenyewe. Nusu nyingine aliiacha imefungiwa. Aliniambia mtu haingii mtoni kwa miguu yote miwili. Nami nikatundika zangu, zile nilizoweza kuvumilia kuziona zikishikwa na watu.

Kazi ilibadilika. Ngazi iliyokuwa ikituchukua siku tatu za matusi sasa ilimalizika kwa siku moja na nusu, na tulikuwa tukipata muda wa kula bila kukabwa. Lakini tusidanganyane kwamba tulikuwa tumeaminiana. Kila asubuhi nilipoingia, kabla ya kusalimia, macho yangu yalipita ukutani kuhesabu kama zana zangu zipo. Niliwaona wenzangu wakifanya vilevile. Mzee wa Tabora peke yake hakuwa ametundika kitu. Aliendelea kukalia sanduku lake, na alizidi kulalamika kwamba anaibiwa.

Kisha asubuhi moja patasi ndogo kabisa, ya robo inchi, haikuwepo. Mchoro wake ulibaki mtupu kwenye chokaa. Zamani zana ikipotea ilikuwa imepotea katika fujo, huwezi hata kusema ilipotea lini. Sasa ule mstari wa kaa ulikuwa mbele yetu saa zote, na hukuweza kuinua macho bila kukutana nao.

Msumbwa aliingia, akautazama ukuta, akaendelea na kazi. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Hakuna aliyesema neno. Fundi wa Kishapu aliondoa zana zake zote ukutani, akazifungia. Mimi siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kuhukumu. Nilisema moyoni ni mzee. Nani mwingine? Yeye ndiye asiyetundika kitu, yeye ndiye mwenye kulia wizi, na mwizi ndiye anayelia zaidi.

Kila adhuhuri mimi na mzee tulikuwa tukiswali pamoja nyuma ya banda. Siku hiyo nilimwambia tumbo linaniuma. Nilijua kwamba anapotawadha huvua ule ufunguo na kuuacha bandani chini ya koti lake, kwa kuwa kamba ikilowa humwasha shingoni. Fundi wa Kishapu alikuwa nje kwenye rundo la mbao, Msumbwa ameitwa ofisini. Nikauchukua ufunguo, nikafungua.

Patasi haikuwemo. Kulikuwa na kanzu moja iliyokunjwa vizuri. Kulikuwa na mwili wa randa usio na chuma, kipande cha msumeno kilicholiwa na kutu, na kifurushi cha michembe ya viazi vikavu. Basi. Sanduku la fundi mkubwa kuliko sote halikuwa na zana hata moja ya kufanyia kazi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa hajaswali. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye viwiko.

"Umeipata?" aliuliza.

"Sikuipata, mzee."

"Tafuta vizuri. Inua na kanzu."

"Mzee, nisamehe."

Alikuja akaketi juu ya benchi langu, si juu ya sanduku. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za safari.

"Zana zangu ziliibwa kwenye gari moshi nilipokuwa nakuja. Zote. Fundi akifika bila zana huandikwa kibarua, anapewa sepetu, na mimi nina mgongo gani wa kushika sepetu? Nikaja na sanduku. Nikasema nina zana." Alipangusa viwiko. "Mkienda kula, nachukua ya huyu, nachukua ya yule, narudisha. Mkikaribia kujua, mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele ya wizi. Sasa amekuja huyu bwana na vivuli vyake. Nitatundika nini?"

Nilifunga sanduku, nikampa ufunguo wake kwa mikono miwili.

"Utawaambia?"

"Sitawaambia."

Aliuvaa ufunguo shingoni huku akiniangalia. Niliona kwamba haniamini, na sikuwa na sababu ya kumlaumu. Akaenda kuswali.

Jioni, kabla ya kengele, nilimfuata Msumbwa. Aibu ilikuwa imenipa ujasiri wa ajabu.

"Bwana Fundi, patasi ndogo iko wapi?"

"Kwa mhunzi. Shina lake la chuma lilipasuka, nikaipeleka siku ile ile. Kesho itakuwa tayari."

"Mbona hukutuambia?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Kesho yake patasi ilirudi ukutani. Mpaka leo sijui kama alisahau tu kutuambia au alikuwa anatupima. Fundi wa Kishapu alisema ametupima. Mimi nilimwambia, basi sote tumeshindwa. Aliguna, lakini alizitundika tena zana zake, na safari hii alizitundika zote.

Nilikuwa na randa mbili. Asubuhi moja nilichukua ile ndogo, iliyokuwa ya mjomba wangu, nikaitundika mbele ya wote, nikasema, "Hii ni ya mzee. Ameniomba nimtundikie, anaumwa bega." Fundi wa Kishapu hakuinua hata macho. Mzee alikuwa anachuja gundi, na mkono wake ukasimama. Msumbwa alisogea akaitazama ile randa. Aliifahamu vizuri, alikuwa ameniona naitumia mwezi mzima. Akachukua kaa, akaichorea kivuli, akarudi kwenye ubao wake.

Tangu siku hiyo mzee alichukua zana ukutani kama sisi. Hakunishukuru, na niliridhika. Kwa wiki kadhaa hakutaka hata kuketi karibu nami wakati wa chakula. Nikimwambia "Shikamoo, mzee," alijibu "Marahaba" huku akitazama kama kuna mtu anayecheka. Lakini zile kelele za wizi ziliisha. Siku moja fundi wa Kishapu aliniuliza, "Mzee anaumwa? Mbona haibiwi siku hizi?"

Lililobaki lilikuwa langu. Ngazi zilikuwa zinatoka imara, meneja alikuwa amekuja akazipanda mwenyewe, na vile vipande vya ngazi ya zamani bado viliegemea ukuta wa nje. Msumbwa hakuvitupa wala hakuvitaja. Kila nikivipita niliona kwamba ananisubiri. Mwishowe nilichoka. Nilimkuta chini ya baraza akinoa msumeno, nikachuchumaa mbele yake.

"Bwana Fundi, nataka kukuuliza jambo. Uliletwa hapa kutuchunguza?"

"Ndiyo," alisema, kama vile nimemuuliza kama amekula.

"Kumtafuta aliyetengeneza ile ngazi?"

"Ndiyo."

"Ukamwona?"

"Niliona kabari siku ya pili. Gundi na vumbi la mbao. Kisha nikaangalia nani ana patasi pana, na nani ananitazama mikono." Aligeuza msumeno upande wa pili.

"Ukamwambia nini meneja?"

"Nilimwambia nipewe chokaa."

Tupa ilipita kwenye meno mawili, matatu. Nilisubiri aseme zaidi. Nilimwambia kwamba nilikuwa na hasira siku ile, kwamba niliomba patasi nikanyimwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya karakana nimeyamaliza," alisema. "Ya yule mwenye mguu si yangu."

Jumapili nilitoka nje ya uzio kwenda kijijini. Nilibeba unga na samaki wakavu, kwa kuwa sikuweza kwenda mikono mitupu. Yule mchimbaji wa Kizinza alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mguu umenyooshwa, fimbo kando. Mkewe alileta kigoda akaingia ndani. Nilimweleza yote, kuanzia patasi niliyonyimwa hadi nilivyomwambia meneja kwamba matundu yalikuwa sawa. Nilitazamia anipige kwa fimbo. Hakunipiga. Alinitazama kwa macho makali, akaniambia nirudie ile habari ya gundi.

Nikairudia.

"Nani amekutuma useme hivi?"

"Hakuna aliyenituma."

"Yule mama amekupa kitu?"

Sikumwelewa. Akaniashiria kwa kidevu nyumba ndogo ya pili, ng'ambo ya shamba la mihogo, ambako mama mmoja mtu mzima alikuwa akipepeta mtama peke yake. Mjane, aliniambia. Waligombana juu ya mbuzi wake aliyekula mihogo, na mama akasema maneno mabaya, na wiki ile ile yeye akaanguka; watu wakasema ndiye aliyemroga. Tangu hapo hakuna aliyempa salamu. Watoto walikatazwa kupita kwake. Wanawake walimwachia kisima mpaka amalize, ndipo wakasogea. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kutamka kwamba afukuzwe kabla ya mvua.

"Kwa hiyo ni gundi," alisema.

"Ni gundi, ndugu yangu. Ni mkono wangu."

Hasira niliiona ikimjia, ikinitazama, kisha ikigeuka, asijue aipeleke wapi. Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, siku hiyo wala baadaye. Alichukua fimbo yake, akasema, "Ninyanyue."

Tulivuka shamba polepole, yeye akiniegemea. Mama alituona tangu mbali. Aliacha kupepeta, akashusha ungo, akasimama mlangoni kwake akiwa ameushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Tulipofika aliitazama kwanza mikono yangu, kuona nimebeba nini, kisha akatazama nyuma yetu kama kuna wengine wanaokuja.

"Shikamoo, mama," alisema yule mchimbaji.

Mama hakujibu. Kuku wake walikuwa wamerukia ungo, na hakuwafukuza.

"Shikamoo, mama," alirudia. "Tumekuja wawili tu."

"Mnataka nini?"

"Huyu ana neno. Msikilize, kisha ukitaka utufukuze."

Alitukagua tena, mmoja baada ya mwingine. Kisha, bila kuachia mwimo wa mlango, akasema, "Marahaba." Hakutupa kigoda. Nikaanza kumweleza nikiwa nimesimama.